Kuanika

Mama yangu ni dobi, na dobi hawezi kuvumilia kitambaa kibichi. Ukisahau leso yako imelowa mezani kwetu, ukirudi utaikuta kambani imebanwa kwa vibanio, na ukichelewa sana utaikuta imepigwa pasi. Nalisema hili mapema ili nawe usije ukamcheka. Waliomcheka nawajua mmoja mmoja na bado sijawasamehe wote.

Tunafulia uani. Mashuka ya nyumba za wageni huja asubuhi, makoti meupe ya zahanati huja mchana, na nguo za watu binafsi huja saa yoyote wenyewe wanapojisikia. Wote wanataka kitu kimoja tu, nyeupe iwake. Kwa hiyo Mama hutumia sabuni ya unga ile ya kung'arisha, tena hana mkono wa birika. Maji machafu hupita kwenye mfereji wazi kando ya ukuta na kuingia kwenye bwawa la saruji alilojenga marehemu baba. Ni pana kama chumba, lakini kina chake hakifiki gotini. Maji yanatanda humo, jua linayapiga kutwa, mengine yanakuwa mvuke na mengine yanavuja taratibu kwenye majani ya nyuma. Si bwawa la kupigia picha. Lina povu, na kingoni lina utando wa kijivu.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa, anakaa upande wa pili wa kisima cha mtaa. Sisi huku, yeye kule, kisima katikati. Amejenga nyumba ya kisasa yenye kila kitu ndani. Choo kiko ndani, mashine ya kufulia iko ndani, na maji ya vyote viwili yanaishia kwenye shimo moja lililofunikwa kwa zege. Juu ya zege wifi yangu amepanga vyungu vya maua. Usingejua kama kuna kitu chini yake.

"Mama, lifunike hilo bwawa," Kaka alikuwa akisema kila akija. "Ni aibu. Watu wanaona uchafu wetu."

"Waache waone," Mama alijibu. "Kwani wao hawachafui?"

Yalikuwa maneno ya nyumbani tu, ya kusemwa huku mtu akinywa chai. Kisha maji ya kisima yakaanza kuwa na ladha ya sabuni. Mwanzoni kila mtu alidhani ni ndoo yake haikusuuzwa vizuri. Baadaye watoto wa mtaani wakaanza kuharisha, mmoja leo, mwingine kesho, na mtoto wa Kaka akawa mgonjwa kuliko wote. Alilazwa. Alitundikiwa dripu kwenye mguu kwa sababu mishipa ya mikono haikuonekana. Mama alikwenda hospitali kila siku na kusimama dirishani, kwa kuwa wodini waliruhusiwa wazazi tu.

Siku mtoto aliporudi, Mama aliacha nguo kwenye beseni akakimbia kwenda kumpokea. Kaka alimkuta mlangoni, akatoka nje na kuurudisha mlango nyuma yake.

"Mama," alisema, "mtoto hatakuja mikononi mwako mpaka ijulikane maji yako yanakwenda wapi."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Mama alirudi nyumbani, akawasha pasi, akanyoosha shuka moja, akalikunja, akalikunjua, akalinyoosha tena. Mimi niliwaka kama kifuu. Nilitaka kwenda kumwambia Kaka maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, lakini Mama alinishika mkono.

"Ana hofu," alisema. "Mwache."

Nataka ieleweke ni nini kilikuwa kinatuumiza. Mtaa mzima ulishaamua kwamba dobi ndiye mwenye kosa, na mjumbe wa mtaa alishasema kuwa vipimo vikithibitisha, tutafunga kazi. Hilo lilitutisha. Lakini si hilo lililomfanya Mama akonde. Alikuwa akimsikia mjukuu wake akilia ng'ambo ya kisima na hana ruhusa ya kwenda kumbeba.

Idara ya maji ikamtuma mpimaji. Alikuwa dada mwembamba mwenye viatu vya mpira, anayesema haraka na kusahau kalamu kila mahali. Alikuja na kitu ambacho hatukukitarajia, yaani vipande vya kitambaa cha pamba. Alivifunga kwenye vizimba vidogo vya waya, akakizamisha kimoja kisimani na kingine kwenye bwawa letu. Mama alimwangalia kwa jicho la kazi.

"Hicho kitambaa hakijafuliwa bado," alisema.

"Hakijaguswa na sabuni hata siku moja, Mama. Ndiyo maana nakitumia." Mpimaji aliketi kwenye kigoda, Mama akaendelea kupiga pasi. "Ile sabuni yako ya kung'arisha ina dawa ndani yake. Ile dawa haitoi uchafu. Inagandia kwenye pamba, halafu inachukua mwanga fulani wa jua ambao macho yetu hayauoni, inaurudisha ukiwa na ubuluu kidogo. Ukiangalia unaona nyeupe kupita nyeupe."

"Kwa hiyo nguo si safi, ila inaonekana safi?"

"Safi unaifanya wewe kwa mikono yako. Ile dawa inadanganya macho tu."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mtoto alazwe. "Miaka yote hii nasifiwa, kumbe nina msaidizi mwongo."

Mpimaji akaeleza kwamba dawa hiyo haipatikani kwenye maji ya mvua wala ya ardhini. Ikionekana kisimani, basi ujue maji ya nyumba ya mtu yameingia. Pamba inainasa, na ukiimulika gizani kwa taa maalumu, inang'aa rangi ya buluu. Alipovitoa vile vitambaa, alijifunika kichwa kwa koti lake na kumulika kile cha kisimani kwa kitochi kidogo cha taa hiyo alichokuwa nacho mfukoni. Akatikisa kichwa.

"Kinang'aa," alisema. "Mtu anavujisha." Kitochi kikazimika kabla hajafika kwenye kile cha bwawa. Taa kubwa ilikuwa ofisini.

Sasa hapa ndipo nilipo na ugomvi naye. Alivikunja vitambaa vyote viwili kwenye mfuko mweusi, kila kimoja na kibandiko chake, akaviacha kwetu kwenye chumba cha pasi, kwa kuwa ndicho chumba pekee kinachoweza kutiwa giza na ndimo watu wangekutana kesho yake. Ushahidi uliachwa kwa mshtakiwa. Na wakati anapanda pikipiki yake, tayari kasharusha mguu, akamwambia Mama, "Kesho tunavianika hivyo mbele ya watu wote, wajionee wenyewe!"

Hakusema neno lingine. Hakusema habari ya jua wala ya mwanga. Alisema kuanika, akaondoka.

Nilikuwa nimepeleka mashuka mjini. Niliporudi alasiri nikakuta vitambaa viwili vidogo kambani, katikati ya makoti ya zahanati, vimenyooshwa vizuri, vibandiko vyake vikining'inia. Jua la siku ile lilikuwa kali la kukausha jinzi kwa muda mfupi.

"Mama, hivi si vya mpimaji?"

"Ndiyo. Amesema vianikwe kesho, lakini kesho watu watajaa hapa uani, kamba haitapitika. Nimemsaidia kuvitanguliza." Akavigusa. "Tena vilikuwa na uvundo. Nimevilowesha kidogo kwa maji ya mtungi kwanza."

Sikuona ubaya wowote. Mimi pia ni mtoto wa dobi.

Kesho yake chumba cha pasi kilijaa mpaka mlangoni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya wateja. Mjumbe alikuwapo, Kaka alikuwapo akiwa amekunja mikono, na mbele kabisa alikuwapo jirani yetu tunayemwita Redio, maana hazimiki. Mpimaji akaweka vitambaa mezani, akawasha taa yake ya zambarau. Meno ya watu yaling'aa. Kola ya Redio iling'aa. Shati la Kaka liling'aa lote kama limewashwa kwa umeme. Vitambaa vilikaa pale mezani vyeusi, havina habari.

Mpimaji alivigeuza. Akavisogeza. Akavinusa. "Hivi vimefanywa nini?" aliuliza.

"Nimevianika," Mama alisema. "Si ulisema?"

Redio akapasuka. "Ameua ushahidi! Jamani, dobi ameua ushahidi mchana kweupe!" Watu wakacheka, na si kicheko kizuri. Mtu mmoja nyuma akasema kumbe bibi huyu mjanja hivi. Mama aligeuka huku na huku gizani akitafuta uso wa kumwelewa.

"Lakini alisema vianikwe," alirudia. "Mwanangu, alisema."

Alikuwa anamwambia Kaka. Kaka alitazama chini, na alipoinua macho alisema kwa sauti ya uchovu, "Mama, hata hili?" Akatoka. Walipotoka wote, Mama alibaki amesimama karibu na meza, akishika kile kitambaa. Alikuwa analia bila sauti. Nilimwambia ajikaze kisabuni, akaniambia sabuni nimwachie yeye, na tukacheka wote wawili huku tukilia, maana kulikuwa hakuna la kufanya.

Mpimaji hakuwa ameondoka. Alikuwa uani amekaa kwenye ukingo wa bwawa, mikono kichwani, akijitukana. Nilikwenda kumwongezea matusi. Nilikuta aliyojitukana yanatosha.

"Kosa langu," alisema. "Nimemwambia dobi aanike, nikategemea asianike! Jua linaivunja ile dawa. Lile lile linaloifanya ing'ae ndilo linaloiua. Kwenye nguo kavu inachukua muda, ndiyo maana shati jeupe likianikwa mara nyingi linaanza umanjano hata kama ni safi. Kwenye pamba iliyolowa, iliyonasa dawa kidogo tu, jua kali la mchana mmoja linatosha. Na kwenye maji ndiyo usiseme. Maji machache, yametanda, hayana kivuli…"

Akatazama bwawa la marehemu baba. Nami nikalitazama. Lilikuwa na povu lake na utando wake wa kijivu, na jua lilikuwa limelilalia lote.

"Maji haya yanakaa hapa muda gani kabla hayajazama?" aliuliza.

"Ya leo yatakuwepo kesho na keshokutwa."

"Juani?"

"Dada, unaona mti hapa?"

Akasimama, akasahau kalamu yake ukingoni kama kawaida. Alieleza upesi upesi mpaka nikamwomba arudie. Kitambaa cha kisimani kiling'aa kabla ya kuanikwa, hilo alijionea kwa kitochi chake. Basi dawa iliyofika kisimani ilikuwa nzima. Na dawa haiwezi kuwa nzima kama imeshinda kwenye bwawa kama letu. Maji yaliyoingia kisimani hayakuwahi kuliona jua. Yalitoka gizani na yakapita gizani.

"Mama yenu amenifanyia jaribio bila kujua," alisema. "Ila wale watu hawataamini mdomo wangu. Lazima waone."

Akaenda kwa mjumbe, na kwa Kaka. Alitaka kuchimba vishimo viwili vyembamba vya kufikia maji ya ardhini, kimoja kati ya kisima na kwetu, kingine kati ya kisima na kwa Kaka, kwa kuwa nyumba nyingine zote ziko chini ya mteremko na maji hayapandi. Kaka hakukataa. Alimwambia achimbe popote apendapo.

"Upande wangu kila kitu kimefunikwa," alisema. "Hakuna kinachotoka."

Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema kwa fahari, na hakuwa anadanganya, alikuwa anaamini. Vishimo vikachimbwa, vikatiwa vitambaa vipya, vikafunikwa kwa mabati. Safari hii vilipotolewa, Mpimaji alivifunga kwenye karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, akavishika kwapani na hakumpa mtu. Mama alikaa mbali navyo, mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa dukani.

Mpimaji hakutaka msongamano tena. Watu wakaambiwa wasubiri uani. Tuliingia sisi tu katika chumba cha pasi, Mama, mimi, Kaka, na wifi aliyembeba mtoto kiunoni. Hakuwa na pa kumwacha. Mama alikaa kona ya mbali, karibu na kabati la mashuka, na hakumtazama mtoto, kwa kuwa angemtazama asingeweza kukaa pale. Redio alikuwa ameweka jicho kwenye tundu la ufunguo. Nikatundika aproni yangu kwenye kitasa.

Taa ikawaka. Kitambaa cha kisimani kikang'aa, buluu hafifu lakini wazi. Kitambaa cha upande wetu kikakaa kimya, hakina hata doa. Kitambaa cha upande wa Kaka kikang'aa kuliko hata cha kisimani.

"Rudia," Kaka alisema.

Mpimaji akarudia. Akavibadilisha nafasi, kulia kwenda kushoto. Buluu ikahama pamoja na kitambaa.

"Lakini nimelifunika," Kaka alisema. "Nimelifunika kwa zege."

"Juu umelifunika," Mpimaji alimjibu, na alisema kwa upole, nampa haki yake. "Chini lina ufa. Na ulivyolifunika ndivyo ulivyoificha ile dawa jua lisiifikie, ikafika kisimani nzima. Dawa yenyewe haikumwumiza mtoto. Lakini choo na mashine kwako vinaingia shimo moja, si ndiyo?"

"Moja."

"Basi ilipopita dawa, na vingine vilipita."

Hakuhitaji kumalizia. Kaka alikaa kwenye kigoda cha pasi. Katika ule mwanga wa zambarau shati lake lilikuwa linawaka, na uso wake sikuweza kuuona. Alikuwa amechota maji ya kile kisima kila asubuhi, kwa mikono yake, akampelekea mwanawe. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa hamu, nimejitayarishia maneno. Maneno yote yaliniishia.

Wifi alivuka chumba gizani, akapapasa mpaka akaigusa kona ya kabati, akamweka mtoto mikononi mwa Mama.

Mama alivuta pumzi moja ndefu shingoni mwa yule mtoto. Mtoto naye akamshika ukosi wa gauni. Hakumsahau, nilikuwa nimeogopa kwamba atakuwa amemsahau. Mama alikuwa akimtikisa taratibu na kumwambia maneno yasiyo na maana, wewe, wewe, wewe, na sauti yake ilikuwa imekatika katikati.

Redio akagonga mlango. "Vipi huko ndani? Ni dobi au si dobi?"

Mpimaji akamtazama Mama kana kwamba anaomba ruhusa. Kaka akasimama.

"Nitasema mwenyewe," alisema.

Akafungua mlango, mwanga ukatuingia machoni. Alisimama kizingitini, akasema jambo ambalo hakuna aliyelisikia, wakamwambia apaze sauti. Akapaza.

"Ni shimo langu. Si Mama. Ni shimo langu."

Kisha wakaanza. Kwanza mmoja, halafu wote, maana watoto wao pia walikuwa wameugua na walikuwa wamekaa na hasira ile muda mrefu bila pa kuiweka. Umetunywesha choo chako. Nyumba ya maua juu, uvundo chini. Redio ndiye aliyetoa lililo kubwa, tena kwa sauti ya kufika barabarani. "Umemnywesha mwanao mavi, ukamsingizia mama yako mzazi!"

Kaka alisimama pale pale na mikono yake ikining'inia.

Mama alisikia. Nilimwona akisikia. Alikuwa na mtoto begani, shavu lake juu ya shavu lake, kile alichokuwa akikililia siku zote zile amekishika kwa mikono miwili. Akaja mpaka niliposimama. Alianza kufungua vidole vya mtoto kwenye ukosi wake, kimoja kimoja, na mtoto akawa analia hataki. Akanipa. Akajifuta macho kwa kiganja, akatoka nje, akapita kizingiti, akaenda kusimama mbele ya mwanawe, kati yake na wale watu.

Mimi ningemwacha wamseme mpaka jioni. Lakini mimi si mama yake.